Alama ya Kisigino

Mama ndiye aliyegundua. Si baba, aliyeshika usukani kila siku, wala si mimi, niliyejihesabu fundi kwa kuwa nilimiliki spana mbili na bisibisi isiyo na mpini. Sakafu ya sebule yetu kule Lushoto ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ikisuguliwa kwa nta kila Jumamosi mpaka ukaweza kujitazama. Mwanzoni mwa 1984 mama akaanza kuona vibaka vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha baba. Vyote vilikuwa vya kisigino cha kulia. Cha kushoto hakikuacha kitu.

"Mwalimu," akamwuliza jioni moja, "huko shuleni mguu mmoja unautia wapi?"

Baba akavua kiatu, akakigeuza, akakinusa, akasema ni mafuta ya taa ya maabara. Shule yake ya msingi haikuwa na maabara.

Mama akapaka nta upya. Baada ya siku mbili vibaka vikarudi, na safari hii rangi yenyewe ilikuwa imeanza kubanduka, saruji ikichungulia. Mafuta ya taa hulainisha nta, lakini hayali rangi namna ile. Katika vitu vyote vinavyopatikana ndani ya gari, kinacholamba rangi kwa uroho huo ni mafuta ya breki. Mtu yeyote aliyewahi kuyamwagia kwenye boneti na kuyaacha mpaka kesho yake anajua ninachosema.

Gari lilikuwa Volkswagen ya 1965, ile ya mgongo wa duara na injini nyuma. Sisi nyumbani tulimwita Kobe na kumsemesha kama mtu. Baba alimnunua 1974 kwa daktari mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ujerumani, na hakuchoka kuwaambia wageni kwamba gari la ukoo huo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na kwamba halina rejeta ya kuchemka mlimani. Alilosahau kuwaambia ni kwamba mlima una pande mbili: kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki.

Niieleze hiyo breki, kwa sababu bila kuielewa habari ya kisigino haieleweki. Pedeli za Kobe zinaota kutoka sakafuni kama uyoga, hazining'inii kutoka juu kama za magari ya leo. Mbele yake, upande wa pili wa ukuta wa bati, ndipo ilipofungwa masta silinda: bomba nene na fupi la chuma cha kusubu, lenye pistoni ndani. Kopo la mafuta liko mbali, kwenye buti ya mbele karibu na tairi la akiba, nalo huteremsha mafuta kwa paipu. Ukikanyaga, fimbo inaisukuma pistoni, pistoni inayasukuma mafuta, na kwa vile mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, nguvu ya mguu wako inafika kwenye magurudumu yote manne kwa wakati mmoja. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo. Malcolm Loughead wa Marekani akaifanya kuwa breki za gari na kupata hataza yake mwaka 1917. Volkswagen wenyewe hawakuikimbilia. Yale magari yao ya bei ya chini kabisa yaliendelea kusimamishwa kwa nyaya, kama baiskeli, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Pistoni ina raba mbili ambazo mafundi huziita vikombe. Kikombe cha mbele ndicho kinachoyabana mafuta. Cha nyuma kina kazi moja tu, kuyazuia yasirudi kwa dereva. Kikichoka hicho cha nyuma, mafuta hufuata fimbo, hupenya kwenye raba ya vumbi, na kudondokea chini ya zulia, pale pale dereva anapoegemeza kisigino. Kobe alikuwa akivujia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na baba akatuletea hadi sebuleni.

Siku hizi nikipata nafasi ya kuchagua ugonjwa wa masta silinda, nachagua huo. Unavuja, lakini unasema. Ninaouogopa ni wa kikombe cha mbele. Hapo hakidondoki kitu, kopo halipungui, zulia ni kavu, na mwenye gari anaapa breki zake ni nzima. Lakini ukiikanyaga pedeli na kuishikilia kwa nguvu, inazama taratibu chini ya mguu kama mtu anayesinzia. Mafuta yanapita pembeni ya raba na kurudi yalikotoka, na gari linakwenda zake.

Baba, alipokubali kwamba si mafuta ya taa, alifanya kile ambacho wenye magari wengi wangefanya. Alinunua chupa ya mafuta ya breki akaiweka kwenye buti ya mbele, akawa anajazia kila Jumapili. Baadaye kila Alhamisi na Jumapili. Baadaye tena kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kama mtu anayemeza dawa ya presha. Chupa ilikuwa adimu wakati ule. Hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze spea za gari la 1965. Nakumbuka alivyoipenda ile shughuli ya kujazia. Alifuta mdomo wa kopo kwa kitambaa safi, akamimina bila kumwaga tone, akafunga kifuniko, akapiga buti kofi. Mtu angemwona angedhani anatengeneza gari.

Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo hahitaji maelezo. Asiyeijua na awaze kilomita 33 hivi za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, zikimshusha kutoka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi chini ya 500. Jumamosi moja ya Mei tuliteremka tukiwa na gunia la viazi na kabichi za kumpelekea mjomba Tanga. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na gunia. Kabla ya kufika Soni baba akaanza kukanyaga mara mbili mbili. Hakusema kitu. Mama naye hakusema, ila nilimwona akishika mkono wa mlango.

Tulisimama Soni, karibu na maporomoko, tukakaa kama dakika 20. Baba akajaribu pedeli, ikawa ngumu kama jiwe. "Joto tu," akasema, na akatueleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwamba yakishanyonya huchemka mapema, na mvuke ukiingia kwenye paipu pedeli hulegea mpaka yapoe. Yote aliyosema ni kweli. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishashika maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140, na breki za mlimani hufika huko bila shida. Tatizo la baba halikuwa ujinga. Alikuwa na maelezo mazuri ya ugonjwa ambao gari halikuwa nao, au haukuwa peke yake.

Kona ya tatu au ya nne chini ya Soni, pedeli ikagusa sakafu na haikurudi. Kobe alikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne, ikipotea imepotea yote. Baba akapiga gia ya pili, injini ikalia kwa uchungu, akavuta hendibreki, ambayo kwenye gari lile huvuta magurudumu ya nyuma kwa nyaya na haina habari na mafuta, akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima. Tukaingia mtaroni kwenye matope, bawa la mbele likajikunja, viazi vikanimwagikia, na kila kitu kikanyamaza.

Mama akafungua mlango, akashuka, akatembea hadi upande wa dereva.

"Na leo umekanyaga nini, Mwalimu?"

Kuanzia siku ile ikawa ni habari ya kutengeneza. Mpaka wetu na Kenya, uliofungwa tangu 1977, ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983, na watu wa Tanga walikuwa wameanza kuleta vitu kutoka Mombasa. Kwa njia hiyo tukapata boksi dogo la raba za masta silinda: vikombe viwili, vali, springi, klipu, na raba ya vumbi. Fundi mmoja akaifungua silinda, akatoa za zamani, akapiga msasa kidogo, akapachika mpya. Kobe akawa na breki kama siku aliyozaliwa. Baba akamlipa fundi, akamwongezea na mkungu wa ndizi.

Miezi mitano baadaye kisigino kikaanza tena.

Hapa lazima nikiri langu, kwa sababu baba hadi leo hulisimulia kwa wageni na afadhali nilisimulie mwenyewe. Nilikuwa na miaka 14. Asubuhi moja baba alikuwa na homa, akanituma nijazie kopo. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa tupu. Karibu yake palikuwa na kopo la oili ya injini, safi, ya rangi ya asali, nzuri kuliko ile ya breki kwa kila jicho. Nikamimina. Mafuta ni mafuta, nikajiambia, na nikapiga buti kofi kama baba.

Raba za breki hutengenezwa kuishi na mafuta ya breki tu. Zikikutana na oili ya injini, dizeli, petroli au mafuta ya taa, zinakunywa na kuvimba kama maharage yaliyolowekwa. Kwenye masta silinda kuna kitundu kidogo ambacho hata sindano hupita kwa taabu, nacho ndicho huyaruhusu mafuta kurudi kwenye kopo unapoachia pedeli. Kikombe kilichovimba hukiziba. Kwa hiyo unakanyaga, breki inashika, unaachia, breki inaendelea kushika. Siku ya nne Kobe alikataa kwenda. Magurudumu yalikuwa ya moto kiasi cha kukaangia karanga, na harufu ya lainingi ilitangulia kufika nyumbani kabla ya gari. Haikutosha kubadilisha raba za masta silinda peke yake. Ilibidi kila raba iliyoguswa na oili ile itolewe: za silinda ndogo za magurudumu yote manne, na mipira mifupi inayounganisha paipu na magurudumu. Paipu zenyewe zikasafishwa kwa spiriti. Kazi ya kijiko kimoja cha oili, na mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa.

Baba hakunipiga. Aliniagiza niandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, OILI SI MAFUTA YA BREKI, na akaibandika ndani ya kifuniko cha buti. Ilikaa pale miaka mingi.

Basi raba mpya zikaingia kwa mara ya pili. Na baada ya miezi michache, kisigino kikaandika tena sebuleni.

Desemba ya mwaka uliofuata tukateremka hadi Tanga polepole, gia ya pili muda wote mpaka Mombo. Mjomba akatupeleka Ngamiani kwa mzee mmoja aliyefanyia kazi chini ya mwarobaini na kusifika kwa breki. Hakuwa na kibao, hakuwa na banda. Alikuwa na benchi, jiliwa, na beseni la spiriti. Alimsikiliza baba akisimulia habari za boksi la kwanza na boksi la pili bila kumkatiza, huku akiifungua silinda. Akatoa klipu, akatoa pistoni, akavitoa vikombe na kuviweka kwenye kiganja cha baba.

"Hizi ni mpya, Mwalimu. Hazina kosa. Wewe unabadilisha zilizoumia, hujauliza kinachoziumiza."

Akaiosha silinda, akaifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, akaiinua kuelekea jua kama mtu anayetazama ndani ya bunduki. Halafu akaniita mimi, si baba. "Tia kidole kidogo. Usitumie ncha ya kidole, tumia ukucha. Zungusha."

Juu na pembeni ukucha uliteleza kama kwenye kioo. Chini, karibu na mdomo, ulikwama. Nikarudisha, ukakwama tena pale pale. Vilikuwa vishimo vidogo vya kutu, vitatu au vinne, havizidi mbegu ya mchicha. Akatueleza kwamba maji yanayonyonywa na mafuta hubaki ndani yake, na gari linapolala hula chuma usiku hadi usiku. Kikombe cha raba kinapopita juu ya vishimo kinakwaruzwa kila unapokanyaga. Mlima mmoja una kona ngapi? Raba ingedumu vipi?

Baba akasema basi apige msasa mpaka viishe. Mzee akakataa. Msasa wa kufuta ukungu sawa, akasema, lakini vishimo vya kina hicho, ukivifukuza kwa msasa tundu litakuwa pana kuliko raba, na hapo utavuja bila hata kukwaruzwa. Ipo njia ya kulikereza tundu na kulivisha mkebe wa shaba wenye kipimo cha zamani, na inafaa kabisa, ila yeye hakuwa na mashine ya kazi hiyo na hakumjua wa kumwamini. Baba akasema basi atie raba mpya tena, japo kwa miezi mitano, atalipa. Nakumbuka baba alivyofungua pochi, na mzee alivyoifunga kwa mkono wake.

"Hela yako ya breki siichukui. Nitachukua ya kufungua na kufunga. Kuendesha ni juu yako."

Baba alikasirika. Njia nzima ya kurudi kwa mjomba alisema fundi wa kweli hakatai kazi, na kwamba yule mzee amezeeka. Nami, kijana, nilikubaliana naye. Leo nimeshatengenezewa magari na watu wengi, Dar es Salaam na kwingineko, na waliowahi kunikatalia pesa hawafiki watatu. Nawakumbuka wote.

Kobe alikaa kwa mjomba miezi minane, hadi masta silinda mpya kamili ilipopatikana Nairobi. Ilipofungwa, vibaka vilikoma. Mama alipaka sakafu rangi upya, isipokuwa penye kibaka cha mlangoni, alichokataa kukigusa. Alisema anakiweka kiwe ukumbusho. Ukumbusho wa nini hakusema, na baba hakuuliza.

Katikati ya miaka ya 1990 baba alistaafu, Kobe naye akastaafishwa chini ya mparachichi. Nilipomrudia 2012 alikuwa na kuku wawili ndani na mzizi mmoja karibu na gurudumu. Injini niliihofia kwanza, kama kila mtu, kumbe iliwaka siku ya tatu. Watu wa kijijini wakapiga makofi. Nikazima. Gari linalowaka na lisilosimama ni hatari kuliko lisilowaka, na makofi huwa yanakuja mapema mno.

Nikainua zulia la dereva. Pakavu. Nikafurahi kwa muda wa pumzi moja, halafu nikafungua kopo: halikuwa na hata tone. Hakukuwa na cha kuvuja. Nikafungua gurudumu la mbele la kulia, nikachomoa nyaya za taa za breki, ambazo kwenye Kobe hushikwa na swichi iliyofungwa kwenye masta silinda yenyewe, nikapulizia nati za paipu mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha usiku kucha. Hapa ndipo wengi huharibu. Nati hizo ni za spana namba 11 na ni laini. Ukitumia spana iliyolegea au pulaizi utaziharibu, na badala ya kununua silinda utanunua na paipu. Asubuhi zikakubali. Bolti mbili za namba 13, na silinda ikanidondokea mkononi.

Nikatia ukucha. Ulikwama sehemu nyingi sana nikaacha kuhesabu.

Sikununua raba. Nilinunua silinda, na niliuziwa feki. Boksi lilikuwa zuri, maandishi ya dhahabu, lakini ndani ya tundu michirizi ya mashine ilionekana kwa macho, na pistoni ikisukumwa ilirudi kwa kigugumizi. Nilipoirudisha, muuzaji akanitazama kwa huruma: "Hiyo ndiyo iliyopo, bosi." Ya pili ilichukua wiki saba na bei mara tatu. Kabla ya kulipa nikatia ukucha pale pale kaunta. Muuzaji akadhani ni uchawi.

Nikaifunga. Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukipuuza: kati ya ncha ya fimbo na pistoni lazima ibaki nafasi ya milimita moja hivi, pedeli ichezecheze kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Ukiibana ili pedeli iwe "kali", pistoni hairudi nyuma kabisa, kile kitundu kidogo hakifunguki, na breki zitashika zenyewe barabarani kama siku ile ya oili yangu. Hapo siwezi kukosea tena.

Ikabaki kutoa upepo, na kazi hiyo inataka watu wawili. Baba alikuwa na miaka 73. Akaja na fimbo yake, akaingia kwenye kiti chake cha zamani, akashusha kioo.

Ukiwa na usukani wa kulia unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda, yaani la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Nilikuwa chini, spana namba 7 mkononi, mpira mwembamba ukitoka kwenye nati ya upepo na kuzama kwenye chupa yenye mafuta.

"Kanyaga, baba."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nikafungua. Mapovu yakatoka kwenye chupa, krr krr krr. Nikafunga. "Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

Tukaenda hivyo gurudumu la kwanza lote. La pili akaanza kuachia kabla sijafunga. Kila akiwahi kuachia, silinda hunyonya upepo kurudi ndani, na kazi ya dakika kumi inaanza upya.

"Baba, usiachie mpaka nikwambie."

"Mguu umechoka."

"Pumzika basi."

"Sijasema nataka kupumzika. Nimesema umechoka." Kimya. Halafu kutoka juu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na usukani: "Yule mzee wa Ngamiani. Alikuwa na haki."

Nilikuwa nimelala chali, mafuta yakinitiririkia mkononi, na sikujua la kujibu. Nikasema, "Kanyaga." Akakanyaga. Tulipofika gurudumu la nne mafuta yalitoka yakiwa maangavu, bila povu hata moja, na pedeli ikasimama juu, ngumu, haikushuka hata alipoikandamiza kwa mguu wote na kuning'inia kwenye usukani kama mtoto.

Mama, aliyekuwa akitutazama kutoka barazani tangu asubuhi, alituambia tuvue viatu kabla ya kuingia. Wote wawili, na miguu yote miwili.

Kobe anateremka hadi Mombo mara tatu au nne kwa mwaka siku hizi, gia ya pili, bila haraka. Mafuta ya breki nayabadilisha yote kila baada ya miaka miwili, yawe yamechafuka au la, na chupa iliyokwisha kufunguliwa haikai kwangu hadi mwaka mwingine.

Wewe uliyenunua gari la zamani juzi, na sasa unatafuta mtu wa rangi na wa viti, ahirisha kidogo. Inua zulia la dereva upapase kwa mkono mtupu. Kisha kaa, zima redio, kanyaga breki kwa nguvu na uihesabie sekunde 60. Ikianza kuzama, toa ufunguo, ushuke. Unakokwenda watakusubiri.